Kazi ya Siku Mbili

Mwanangu Raheli,

Umeondoka asubuhi kwenda Mlalo kumuaga shangazi yako, na umesema utarudi kabla ya jua kuzama. Nimekaa kwenye kiti chako cha kusomea, nimechana karatasi katika daftari lako, uniwie radhi. Najua nikingoja urudi nikuambie kwa mdomo, nitazungumza habari za sanduku na kamba ya kulifungia mpaka uende kulala, na kesho utapanda basi bila kuambiwa lolote. Ndivyo nilivyo. Unanijua.

Sitakuandikia mambo ya kuchemsha maji, wala chandarua, wala namna mwalimu mgeni anavyowaamkia wazee wa kijiji. Hayo mmefundishwa chuoni, na yaliyobaki utayaona mwenyewe huko Kigoma. Ninataka kukuandikia habari ya mlango wetu huu wa gereji, na habari ya mama yako. Ni habari moja.

Ulikuwa darasa la tano uliponiuliza mara ya mwisho. Tulikuwa tunamenya viazi hapo nje. Ukasema, "Baba, mama alituacha kwa nini?" Nikakujibu, "Mama yako hakuiweza baridi ya huku." Ukaendelea kumenya. Hukuuliza tena, nami nikashukuru moyoni. Jibu lile halikuwa uongo mtupu, ndiyo maana limedumu. Uongo mtupu ungekuwa umeshaoza zamani.

Wewe nyumba ile kubwa unaijua kama zahanati. Mimi niliijua ikiwa ya mzungu tuliyemwita Bwana Miwani, aliyelima mapea na kabichi za kupeleka Tanga. Nilianza kwake nikiwa mtunza bustani, baadaye akanifundisha gari, nikawa dereva wake. Gereji aliijenga kwa mawe, na mlango akauagiza kutoka kwao. Hapakuwa na mlango kama huo katika milima hii yote. Bati moja pana, limetiwa mbavu za chuma kwa ndani, na springi mbili kubwa, moja kila upande. Ukiugusa kwa kidole unanyanyuka wenyewe mpaka juu ya kichwa, unalala chini ya dari. Watu walikuwa wakipanda kilima siku za Jumapili kuja kuutazama. Na mwenye kuunyanyua alikuwa mimi. Nilikuwa na kofia, nilikuwa na viatu, na kila Jumamosi nilizipaka springi zile mafuta kwa unyoya wa kuku. Nakuambia haya ili ujue baba yako alikuwa mtu wa namna gani. Nilikuwa mtu mwenye mlango.

Mwaka uliofuata Uhuru, Bwana Miwani akaamua kuondoka. Gari aliliuza Korogwe. Siku ya kuondoka alinikabidhi funguo, akasimama hapa hapa uwanjani, akasema kwa Kiswahili chake: "Mhina, wewe kaa hapa gereji na bibi yako na watoto. Angalia nyumba. Lakini hii mlango hapana piga misumari, hapana paka rangi. Mimi iko rudi."

Nikasema, "Ndiyo, Bwana." Nilisema kwa moyo wangu wote.

Nyumba yetu wakati huo ilikuwa ng'ambo ya bonde, ya udongo na nyasi, moto katikati. Uliwahi kuniambia unakumbuka moshi wake. Mama yako hakutaka kuiacha. Alikuja akaitazama gereji, akatazama sakafu ya saruji, akauliza swali moja tu: "Moto tutauwasha wapi?" Nikamwambia tutapika nje, moshi utaharibu kuta za watu. Nilisema "za watu" na sikujisikia. Tukahamia wanne: mimi, Marta mama yako, wewe wa miaka sita, na mdogo wako Yosia, ambaye alikuwa hajatambaa.

Sijui unamkumbuka kiasi gani Yosia. Alikuwa na kicheko kikubwa kuliko mwili wake.

Ikafika Juni. Wewe umekua ndani ya baridi ya Lushoto na huioni, lakini baridi ya ndani ya gereji ile ilikuwa kitu kingine. Bati lilikuwa linatoka jasho. Pumzi zetu wanne zilikuwa zinaganda juu yake zinageuka maji, maji yanateremka kwenye mbavu za chuma, asubuhi kuna kidimbwi sakafuni. Chini ya mlango palikuwa na uwazi wa vidole viwili, na upepo wa msitu wa Magamba ulipita hapo kama mwenye nyumba. Blanketi la upande wa mlango lilikuwa halikauki. Upande wa mlango alikuwa analala mama yako na Yosia, kwa sababu mtoto alinyonya usiku na mama hakutaka kukuamsha wewe.

Mara ya kwanza alinisemesha vizuri, kama mke anavyomwomba mume. "Baba Raheli, tuuzibe mlango huu. Nimefikiria. Tupigilie fito kwa ndani, tuchomeke majani makavu ya migomba katikati, tufunike na magunia. Upepo hautapita."

Raheli, alikuwa amekwisha kufikiri kazi yote. Majani, fito, magunia. Aliona kwa macho yake mwenyewe kitu ambacho mimi, fundi wa mlango, nilikuja kukiona baada ya miaka.

Nikamwambia, "Siwezi. Nimeahidi."

"Umemwahidi nani?"

"Bwana."

"Bwana yuko wapi?"

"Atarudi."

Akanitazama. "Na Yosia yuko wapi?"

Sikumwelewa. Nikasema, "Si huyo mgongoni mwako."

"Basi mwangalie," akasema, akageuka kwenda zake mtoni.

Mara ya pili Yosia alikuwa ameanza kukohoa. Mara ya tatu hakuniomba. Nilikuwa nimekwenda Soni kutwa nzima. Niliporudi nilikuta ametundika magunia manne ndani ya mlango, ameyafunga kwa kamba ya mgomba, na kamba ameishikiza kwa ndoano za waya alizozipachika kwenye mbavu za chuma. Ulikuwa umekaa chini ya magunia hayo unamchezea Yosia kigunzi cha mahindi. Ukaniambia, "Baba, tumejenga!"

Mimi nikaona ndoano zimekwaruza rangi.

Nimeishi na jioni ile kwa miaka mingi na bado sijapata namna nzuri ya kuisimulia, basi nitaisimulia kama ilivyokuwa. Niliyateremsha magunia. Sikuyatupa, sikufoka. Niliyakunja vizuri moja moja, nikayapanga pembeni. Nikachovya kitambaa kwenye mafuta, nikasugua mikwaruzo mpaka ikafifia. Mama yako alikuwa amesimama nyuma yangu na mtoto kifuani. Nilipomaliza nikageuka, nadhani nilitaka anisifu kwa kuwa sikugomba. Sijawahi kumwona mtu akinitazama vile, kama mtu anayesoma kibao cha njia ili ajue aelekee wapi.

Asubuhi alimfunga Yosia mgongoni, akakushika mkono, akaondoka kwenda kwao Mgwashi. Mlitembea mpaka Soni, mkapata lori la kwenda Bumbuli, kisha miguu tena. Sikumzuia. Nilijiambia baridi ikiisha atarudi. Nikabaki nalinda nyumba.

Siku ya tisa alikuja shemeji yangu, mdogo wake mama yako. Alikataa kuingia ndani. Alisimama hapo uwanjani akasema, "Shemeji, Yosia amefariki juzi. Tumemzika jana."

Nilipofika Mgwashi baba mkwe alinipokea kwa heshima kuliko nilivyostahili. Aliniambia, "Mtoto alifika hapa kifua kimeshajaa." Basi. Mama yako alinipeleka mpaka kaburini, akasimama kando, akaningoja nimalize kulia, akanirudisha nyumbani kwao, akaniwekea chakula. Hakuniuliza kitu na hakunijibu kitu. Wewe ulikuwa unacheza na watoto wa mjomba wako.

Sijui kama ni mlango uliomuua. Miaka mingi baadaye nilimuuliza mganga wa hospitali ya misheni, bila kusema ni mtoto wa nani. Aliniambia vichomi huua watoto hata kwenye nyumba zenye joto. Nilimshukuru, nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi. Maneno yake hayakunifaa kitu. Mama yako hakuniuliza kama mlango unaua. Aliniomba niuzibe.

Nikarudi peke yangu, na hasira zikanipata, zimechelewa kama mimi mwenyewe. Nilichukua mbao za mkaratusi, mbichi, nzito, nikazipigilia kwenye mlango kwa misumari na bolti bila kupima. Rangi ikabanduka vipande vipande, nami nikafurahi kuiona ikibanduka. Lakini mlango wa namna ile umepimwa na springi zake. Springi hubeba uzito wa bati na si zaidi. Nilipounyanyua ukafika kifuani, springi ya kushoto ikakatika kwa mlio kama wa bunduki, mlango wote ukashuka. Kidole changu hiki kisichokunjika, ambacho nilikuambia kilivunjwa na jeki ya gari, kilivunjika hapo. Umeona uongo unavyozaa. Sikutaka uniulize mbao zilikuwa za nini.

Nilizibandua mbao, nikapata springi ya lori kuukuu, fundi wa Mombo akanirekebishia. Mlango ukasimama tena, mbovu wa sura, na baridi ile ile. Safari hii niliona ni haki yangu, nikahamisha kitanda changu nikakiweka upande wa mlango.

Mwaka ulipoanza nilikuja kukuchukua uanze shule. Babu yako alisema mtoto ni wa baba, huo ndio utaratibu, na mama yako hakubisha. Alikuvalisha sweta mbili. Alinifuata mpaka mwisho wa shamba lao la chai, akaniambia maneno ya kwanza tangu msiba: "Mchukue. Lakini usimlaze karibu na mlango."

Nikasema, "Mama Raheli, twende wote."

Akasema, "Nimeshasema la kusema."

Hukusikia, ulikuwa umetangulia unaruka mawe.

Mwaka wa tatu ikaja barua ya Bwana Miwani. Niliipokea posta kwa mikono miwili. Aliuliza kama mipea inazaa. Aliuliza kama kaburi la mbwa wake limeota nyasi. Alisema kwao kuna mvua, akanisalimu, akamaliza. Niliisoma mara tatu nikitafuta neno "mlango". Nikaisoma tena nikitafuta neno "kurudi". Hakuna. Alikuwa ameusahau, Raheli. Mtu alisema maneno mawili akiwa na haraka ya safari, na mimi nikayafanya amri kumi.

Sikuijibu barua ile.

Hiyo nyumba kubwa ikachukuliwa, ikafanywa zahanati, nami nikaachwa gerejini kama mlinzi. Tabibu wa kwanza alikuwa kijana wa Kibondei, mcheshi, labda unamkumbuka alivyokuwa akikupa chupa tupu za dawa uchezee. Siku moja lori likaleta jokofu la mafuta ya taa la kuhifadhia chanjo. Lilikuwa limefungwa ndani ya mbao nyeupe ambazo sikuwahi kuziona. Nene kama kiganja, ukizibonyeza zinabonyea, na ukizinyanyua unadhani hukushika kitu, kama povu la sabuni lililokauka. Tabibu alikuwa anataka kuzichoma.

"Usizichome," nikamwambia. "Zinazuia nini?"

"Joto lisiingie, mzee. Na baridi isitoke. Ndiyo kazi yake."

"Na baridi ikiwa nje, haiingii?"

Akacheka. "Mzee Mhina, hiyo haijui nje wala ndani. Inazuia tu."

Nikazibeba zote. Miezi iliyofuata kila sanduku la dawa lililokuja na vipande kama hivyo alinitunzia, mpaka nikaona vinatosha mlango mzima.

Kazi hiyo unaikumbuka, maana umewahi kunisimulia kama watu wanavyosimulia sikukuu. Ilikuwa Ijumaa na Jumamosi. Siku ya kwanza nilipima kila nafasi kati ya mbavu za chuma, nikakata vipande kwa kisu nilichokipaka nta ya mshumaa kisivunje kingo. Kila kipande nilikikata kikubwa kidogo kuliko nafasi yake, kiingie kwa kusukumwa kikae chenyewe. Nikavibandika kwa gundi ya unga wa muhogo, nikavizuia na fito nyembamba za mti wa mwati. Kila baada ya safu moja niliunyanyua mlango mpaka katikati nikauachia. Ukikaa hapo ulipo, haupandi haushuki, springi zimekubali. Ulikaa. Siku ya pili nilipasua mpira wa ndani wa tairi, nikaupigilia chini ya mlango kama pindo la gauni, ule uwazi wa vidole viwili ukaisha. Chembe nyeupe zilikuwa zimejaa kila mahali. Ulizijaza kichwani ukaja ukinyata na kijiti mkononi, ukasema kwa sauti ya kukwaruza, "Mwanangu, nishike mkono, mimi bibi." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikatoka nje, ukadhani nimekwenda kukojoa.

Jumapili asubuhi mlango ulikuwa mkavu. Hakukuwa na tone. Nililaza kiganja changu pale, nikakumbuka fito, majani ya migomba na magunia. Ilikuwa kazi ile ile. Kwa kamba na ndoano, yeye alikuwa ameshaimaliza nusu kwa mchana mmoja.

Nikampelekea mama yako habari kupitia mtu wa Bumbuli: mlango umezibwa, njoo uone. Sikumtuma zaidi ya hayo. Nilidhani mlango utanisemea.

Alikuja Julai, katikati ya baridi, nadhani alichagua makusudi. Wewe ulikuwa shuleni. Alikuja na kikapu cha maharage kichwani kama mgeni. Nikampokea, tukaamkiana. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango. Akaugusa kwa kiganja, kisha akaugeuza mkono akaugusa kwa mgongo wa vidole, kama unavyompima mtoto homa. Alipapasa kutoka kushoto mpaka kulia. Akainama akagusa mpira wa chini.

"Pamekauka," akasema.

"Pamekauka."

"Ni kazi nzuri."

"Asante."

"Ulitumia siku ngapi?"

Ningeweza kusema mwezi. Nilikusanya vipande kwa miezi, isingekuwa uongo kamili. Lakini kwa mara moja nikasema kweli. "Siku mbili."

Akarudia taratibu, "Siku mbili." Akakaa juu ya kitanda chako, mikono magotini. "Kumbe ni kazi ya siku mbili."

Nikamwambia, "Marta, rudi nyumbani." Sikuwa nimemwita kwa jina lake tangu tulipopata mtoto.

Hakulia. Alinitazama kwa huruma, Raheli, na huruma ile ilinishinda kuliko kama angenipiga. Akasema, "Ningerudi kama ingekuwa kazi ya mwaka."

Akamwaga maharage yake kwenye ungo wetu, akachukua kikapu kitupu, akaondoka. Mwalimu wako aliniambia baadaye kwamba kuna mama alisimama kwenye ua wa shule wakati wa mapumziko, akawa anatazama watoto wanaruka kamba. Alipoulizwa anamtafuta nani, akasema hamtafuti mtu, anapumzika.

Hayo ndiyo makosa yangu ya kwanza. Nimeyaandika na kalamu bado inaenda. Lililobaki ndilo linaloniumiza kuandika, maana hili nililifanya nikiwa na akili zangu zote na Bwana Miwani hayupo wa kusingiziwa.

Siku ya kipaimara chako. Ulikuwa umevaa gauni jeupe, tumetoka kanisani, watu wanapeana mikono. Mama yako alikuwa ametoka Mgwashi tangu alfajiri. Alikuja mpaka mbele yako, hakukukumbatia, aliona huo si uhuru wake. Akakunyooshea sweta ya sufu ya kijani aliyoifuma mwenyewe. "Hongera, mwanangu. Ya kuvaa Juni."

Nawe ukamwamkia, maana nilikulea vizuri. Ukasema, "Shikamoo." Alipoitikia ukasema, "Wapelekee wasioiweza baridi. Mimi ninaiweza."

Yalikuwa maneno yangu, Raheli. Nilikupa siku ile tukimenya viazi, nawe ukayatunza, ukayanoa. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwenu, kofia mkononi. Mama yako alinitazama. Alielewa papo hapo ulikoyatoa. Alikuwa na nafasi ya kusema kila kitu mbele ya watu wote, na hakusema. Aliikunja sweta ile vizuri, akaiweka kwapani, akaniambia, "Umemkuza," akaondoka. Nami nikakunja kofia yangu nikazungumza na mchungaji habari ya mvua.

Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Ulikuwa na haki ya kukosea kwa kitu ambacho hukukijua. Mimi nilikijua, na neno moja langu pale uwanjani lingetosha. Nilijiambia nitakueleza nyumbani. Nyumbani ulifurahi sana, ukapika, ukaimba. Nikaona nisikuharibie siku. Kisha siku nyingine nayo nikaona nisikuharibie. Ndivyo miaka mitano inavyopita, mwanangu, kwa adabu tu.

Kijijini hapa wananisifu. Katika mkutano wa mwaka huu mwenyekiti alinisimamisha, akasema vijana waige mfano wa Mzee Mhina, aliyelinda mali ya umma tangu Uhuru na hakupotea hata kitasa. Watu wakapiga makofi. Uliniambia jioni ile ulinionea fahari. Mimi nilikuwa nimeinama natazama viatu vyangu, nikawaza kwamba kati ya vyote nilivyokabidhiwa, kitasa ndicho kilichosalimika.

Unakwenda kufundisha watoto wa watu. Watakuja watoto watakuambia mwalimu naumwa, mwalimu nasikia baridi, na utakuwa na kanuni mkononi na mkaguzi yuko njiani. Sitakuambia ufanye nini, sina sifa hiyo. Nakuambia tu kwamba siku ile sikujiona mkatili. Nilijiona mwaminifu. Nilijisikia vizuri kabisa nikisugua ile mikwaruzo.

Nyumba imekuwa kimya leo, nadhani inajizoeza. Asubuhi nilisonga ugali wa wawili kwa mazoea na nusu imebaki. Kuanzia kesho nitajifunza kipimo. Usinionee huruma kwa hilo, na usibaki kwa ajili yangu. Nimekuwa na wewe miaka yote ambayo mtu mwingine alipaswa kuwa nayo nusu.

Sasa sikia. Barua hii nitakupa dirishani basi likishawashwa, ni woga, najua, na nitaondoka kabla hujaifungua. Isome kabla ya Soni. Barua yako ya kupangiwa kazi inakutaka uripoti wiki ijayo, una siku mbili za ziada, nimehesabu. Soni shuka. Mwambie utingo akushushie sanduku. Gari la Bumbuli huondoka mchana, na ukifika Mgwashi uliza kwa Marta, mfumaji, watakuonyesha hata watoto. Ukitaka kunichukia, nichukie ukiwa umekaa kwake, umekula chakula chake. Na ukiamua kupitiliza mpaka Mombo, nitakuelewa pia. Lakini usipitilize kwa sababu ya lile jibu la viazi. Hilo ninalirudisha.

Nakiri jambo moja la mwisho. Leo ulipokwisha kushuka kilima, nilimkuta dereva wa lori la mboga anayelala Mgwashi, nikampa kipande cha karatasi ampelekee mama yako. Sikuwahi kumwandikia tangu tuoane. Nimeandika mstari mmoja tu: "Raheli anajua." Lori limeondoka, na nilikuwa bado sijaandika hata neno moja la barua hii. Nilifanya hivyo makusudi, ili nisiwe na pa kurudi nyuma.

Ni mimi baba yako,
Mhina